Meja Aliyeruka Nyuma

Mjini Larissa, Ugiriki, wapo mpaka leo watu wanaosema kwamba katika vita vya Albania dhidi ya Waitaliano Meja Aristarchos Gouvelis aliruka nyuma ya vijana wake. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Aliruka nyuma, siku zote, tangu theluji ya kwanza mpaka ndege zilipokwisha. Kasoro yao ni moja tu: hawakuwahi kuuliza huko nyuma kulikuwa na nini.

Alizaliwa Kserolithi, kijiji cha mawe na misonobari juu kabisa ya milima ya Pindo, katika nyumba ambayo haikuwahi kumnyima mgeni kitanda wala kumwacha mnyama njiani. Baba yake, Lambros, alikuwa na msafara wa nyumbu wa kubeba mizigo. Watu wa mjini wakisikia hivyo hudhani ni kibarua wa kufuata mikia kwa ujira wa siku. Lambros alikuwa mwenye msafara, na hilo ni jambo jingine. Wafanyabiashara wa Ioannina walimkabidhi chumvi yao, mafuta yao, na hata binti zao waliokuwa wanakwenda kuolewa ng'ambo ya mlima, bila kumwuliza swali.

Msafara ule ulikuwa na desturi yake. Mbele aliwekwa nyumbu dhaifu kuliko wote, awe mzee au mwenye kidonda, na waliobaki wakaenda kwa mwendo wake. Kwa hiyo hakuna aliyeachwa. Nyuma kabisa, peke yake, alitembea mwenye msafara. Aristarchos aliikuta desturi hiyo kama alivyoikuta lugha, na kabla hajaota ndevu alikuwa anaijua bila kufikiri.

Ndege aliiona kwa mara ya kwanza malishoni. Ilikuwa imetua kwa dharura ikazama matopeni, na Lambros akaitwa aje na nyumbu wake waivute. Walipoitoa, mzee aliizunguka, akaipiga kofi kiunoni kama anavyopigwa mnyama sokoni, akasema kwamba dubwana hili halina akili, halijui hata kurudi kinyumenyume. Rubani alicheka, akampandisha mtoto wa Lambros kitini. Mtoto yule hakushuka tena, mtu anaweza kusema. Mjomba wake kasisi alimtafutia nafasi ya shule, naye akaifanya kazi iliyobaki kwa kichwa chake mwenyewe.

Katika chuo cha marubani wa jeshi wana wa Athene walimwita Nyumbu. Alilipokea jina hilo kama mtu anavyopokea koti la msaada: hakushukuru wala hakulitupa. Viatu vyake viling'aa kuliko vya wote. Alimwoa Evridiki, binti wa mwalimu mkuu wa Volos, nyumba yenye piano ambayo haikumfungulia mlango haraka, na alipofunguliwa alijua pa kuketi na pa kunyamaza. Hakunywa kupita kiasi na hakuinua sauti. Cheo cha meja alikipata kwa zamu yake, bila mjomba wizarani.

Vita vilipoanza alipewa kikosi kidogo cha ndege za kivita zilizokwisha kuzeeka, na uwanja wa nyasi kwenye tambarare ya Thessalia ambao mvua ikinyesha uligeuka uji. Waitaliano walikuwa na ndege nyingi na mpya. Redio za kwao zilizungumza. Za kwetu zilikoroma tu, kwa hiyo angani watu walisemezana kwa mabawa na kwa mikono.

Akaupanga msururu wake kama baba yake alivyoupanga. Mbele alimweka Sajini Bakas, mwana wa fundi viatu wa Karditsa, mnene, mwimbaji kanisani, kwa sababu ndege yake ndiyo ilikuwa na injini iliyochoka kuliko zote. Wengine wote waliruka kwa mwendo wa Bakas. Yeye Meja akakaa mwisho. Wakavuka milima hivyo, wakarudi hivyo, na wakati vikosi vingine vilikuwa vinazika watu, kikosi cha Gouvelis kilirudi kizima mpaka majirani wakaanza kuwaza vibaya.

Maneno yakaanzia mkahawani Larissa. Mbona kwake hafi mtu? Na mbona kamanda ni wa mwisho kuondoka na wa mwisho kutua? Mtu mmoja akasema nyumbu siku zote hufuata mikia. Msemo ulikuwa mtamu, ukatembea mji mzima, mpaka ukamfikia Kanali Mavroleon, mkubwa wa vikosi vya kaskazini, mtu wa haki, ila masikio yake yalikuwa karibu mno na vinywa vya watu.

Kanali alikuja uwanjani na gari lake, akakataa kahawa.

“Gouvelis, unajua mjini wanasema nini juu yako?”

“Wananiita Nyumbu, afande. Tangu chuoni.”

“Wanasema zaidi ya hapo. Na mimi siwezi kuwajibu, maana ninachokiona ni hichohicho. Kamanda ni kichwa, bwana. Wewe umejifanya mkia.”

Meja akajibu kwamba huo ndio utaratibu wake wa kazi. Kanali alingoja apewe sababu, na sababu haikuja. Ukimya ule aliuona ni dharau. Akamwambia ana wiki hiyo tu: aende mbele kama kamanda, au akabidhi kikosi kwa atakayekwenda.

Sababu ilikuwapo, na ilikuwa fupi. Mbwa mwitu wa Pindo hula kuanzia nyuma. Hamkabili nyumbu wa mbele mwenye kengele shingoni. Huufuata msafara, humngoja wa mwisho. Rubani wa Kiitaliano aliyetoka juani, upande wa jua ili asionekane, alifanya vivyo hivyo. Ndege ya mwisho ndiyo iliyopigwa kwanza, na kama ya mwisho ina macho na mkono mzuri, hiyo hiyo ndiyo inayogeuka na kumzuia adui wakati wenzake wanapata nafasi ya kujipanga. Gouvelis alikwisha kurudi mara nyingi na matundu ya risasi ambayo fundi wake aliyaziba kabla ya mapambazuko, kwa amri ya kufunga mdomo.

Angemwambia Kanali, Kanali angemsifu. Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Angemsifu mezani mbele ya maofisa, na sifa ingefika uwanjani kabla ya chakula cha jioni. Na Meja aliwajua vijana wake. Walikuwa Wagiriki, na Mgiriki ana kitu kinachoitwa filotimo, ambacho si heshima tu wala si aibu tu. Ni kile kinachomfanya mtu avue koti lake ampe mwenzake kwenye theluji, kisha wote wawili wagombane nani avae mpaka koti liloane. Vijana wale wakijua kwamba nyuma ndipo mahali pa kufa, hakuna hata mmoja atakayekubali kukaa mbele. Na msururu usio na mbele si msururu.

Akaamua kupoteza jina. Hakulichukulia jambo hilo kwa wepesi, maana kwao jina ndilo lilikuwa shamba lao. Ila baba yake hakuwahi kumwacha nyumbu ili asifiwe kijijini.

Siku ya pili yake mama yake akafika. Mama Zoitsa alikuwa mjane sasa, mwembamba, mweusi kuanzia kitambaa mpaka viatu. Alishuka na lori la jeshi, ameketi juu ya masanduku ya risasi kama juu ya kochi, akiwa na gunia la soksi za sufu walizofuma wanawake wa Kserolithi na pita kubwa, mkate wa kuoka uliojazwa mboga za porini na jibini. Marubani walimpenda papo hapo. Wakamkalisha katikati ya meza yao, naye akaanza kukata pita na kuwaambia kila mmoja amekonda.

Aliyeketi mkabala naye alikuwa Luteni Fokion Delaportas, kijana wa ukoo wa kale wa kisiwa cha Corfu, hodari angani, mwenye ulimi wa wembe. Siku iliyotangulia alikuwa amezomewa mjini kwa ajili ya kamanda wake, na bado hasira haijamtoka.

“Mama, hebu tuambie,” akasema. “Meja alipokuwa mdogo, kwenye chakula alikuwa wa ngapi? Maana kwetu hapa ni wa mwisho kila mahali.”

Meza ikacheka, kicheko cha watoto wa nyumba moja. Mama Zoitsa hakuelewa, akauliza maana yake nini. Bakas akamkanyaga Delaportas mguu chini ya meza, lakini wembe ulikwisha kutoka: akamweleza, kwa adabu ya Corfu, wanachosema mkahawani juu ya nyumbu na mikia.

Meja alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

“Mama,” akasema, “pita inapoa.”

“Ya pita niachie mimi, mwanangu.” Akaweka kisu chini. “Wewe bwana mdogo, mama yako amekufundisha kushika uma vizuri, Mungu ampe maisha. Mbwa mwitu umewahi kumwona?”

“Hapana, mama.”

“Hula kuanzia nyuma. Marehemu mume wangu alitembea nyuma maisha yake yote, na pajani alikuwa na shimo la kuingiza ngumi. Wa mbele wanaimba, wa nyuma analiwa. Kwetu mwenye mali ndiye anayeliwa. Haya, sasa cheka.”

Delaportas alikuwa amesimamisha uma hewani. Mama Zoitsa akaokota kisu, akaendelea kukata, ametosheka, amelirudisha jina la nyumba yake mahali pake. Meja aliwatazama vijana wake, akaona kwenye nyuso zao kile alichokuwa anakiogopa kuliko Waitaliano. Haikuwa hofu. Ilikuwa aibu.

Akawaambia kwamba nafasi za msururu ni zilezile na kwamba hiyo ni amri.

“Ndiyo, afande,” wakaitika wote, haraka mno.

Asubuhi waliitwa kulinda daraja ambalo jeshi letu lilikuwa linavuka. Bakas aliongoza, mabega yake mapana yakionekana kupitia kioo, bila shaka anaimba. Walipovuka ukingo wa mlima, Meja akaona ndege ya Delaportas inainua pua, inapunguza mwendo, inateleza pembeni. Punde ilikuwa nyuma yake. Akapiga mabawa: rudi mahali pako. Delaportas akagusa sikio, kana kwamba redio imemkatikia, redio ambayo haikuwahi kufanya kazi.

Kisha akarudi nyuma wa pili. Wa tatu alipoona ameachwa mbele naye akapunguza. Ukawa ugomvi wa heshima, kama ule wa wanaume wanaogombea kulipa mkahawani, kila mmoja akimsukuma mwenzake kando, kila mmoja akiapa kwamba leo ni zamu yake. Meja alipiga mabawa, alitoa mkono nje kwenye baridi ya kukata vidole, aliwapita na kuwaonyesha ngumi. Wakamwitikia kwa vichwa, wakabaki nyuma.

Mbele alibaki Bakas peke yake. Hakujua. Katika kikosi kile wa mbele hakuwa na haja ya kugeuka.

Waitaliano walitoka juani, wakakuta ndege zimetapakaa kama kuku, na moja iko mbali mbele bila mlinzi. Wakaichukua hiyo. Meja aliona, akafungua injini yote, lakini hakufika. Bakas alianguka kwenye theluji, upande wa pili wa mto.

Walipotua, vijana walijipanga wenyewe, bila kuitwa. Meja alivua glavu taratibu.

“Nani amemuua Bakas?”

“Waitaliano, afande,” mmoja akasema.

“Waitaliano wamempiga. Mimi nauliza nani amemuua.”

Delaportas akasogea mbele hatua moja, uso umekuwa wa majivu. “Ni mimi, afande.”

“Usijipendelee. Si wewe peke yako. Kila mmoja wenu alitaka afe yeye kwa heshima, akafa asiyekuwa na habari.” Hakuinua sauti hata hapo. “Ukitaka kuwa mtu, kaa pale mwenzako anapokuhitaji ukae. Basi.”

Mama yake alikuwa amesikia yote kutoka mlango wa jiko. Akaomba ngano, akaanza kuichemsha, kama desturi yao ya kuwaombea wafu, kwa ajili ya kisomo cha Bakas.

Kanali Mavroleon alifika kesho yake, habari ya kifo ikiwa imemtangulia. Ngano ilikuwa bado jikoni na marubani walikuwa wanaelekea kwenye ndege zao, kwa sababu daraja lilikuwa bado linahitaji kulindwa. Kanali akawasimamisha. Mbele ya wote akamwambia Gouvelis kwamba sasa hata kisingizio cha kurudi wazima hakipo tena. Mbele, au akabidhi.

“Nitakabidhi nikirudi, afande,” Meja akasema. “Safari hii ni yangu bado, na mpango ni wangu.”

Akamgeukia Delaportas. “Injini yako ndiyo mbovu kuliko zote sasa. Utakwenda mbele.”

Delaportas akamsogelea. “Afande, nakuomba. Nipe nyuma. Nipe nafasi ya kulipa.”

“Mbele.”

“Afande, watu watasema…”

“Watasema nini?”

“Watasema mimi ni shujaa.”

“Basi libebe hilo. Wengine wanabeba zaidi.”

Kanali aliyasikia mazungumzo yale asiyaelewe. Alikuwa mtu aliyezoea kuona vijana wanaoomba wasiende mbele, si wanaolia kwa kupelekwa. Akaghairi kuondoka. Ndege zikapaa, zikapotea nyuma ya mlima, Delaportas mbele kama aliyefungwa kamba, Gouvelis mwisho. Mama Zoitsa akamletea Kanali kigoda, akamweka karibu na sufuria.

Walirudi kwa mpangilio uleule. Delaportas akatua, kisha mwingine, kisha mwingine, kila mmoja mahali pake, kama shanga zinazotoka kwenye uzi. Nafasi ya mwisho ilikuwa tupu. Mama Zoitsa alikoroga ngano. Kanali alisimama. Ndipo ikaja, chini chini, inayumba, mkia umeng'oka kitambaa na kubaki mbavu, ikagusa nyasi, ikaruka, ikatulia.

Kanali aliifikia kabla ya fundi. Hakumtazama Meja, alitazama ndege. Akapitisha kidole kwenye tundu la kwanza, la pili, akaendelea mpaka kwenye bamba la chuma nyuma ya kiti, lililobonyea kama sahani ya bati. Hapakuwa na tundu hata moja lililotoka mbele.

“Mbona hukuniambia?” akauliza.

“Ungemwambia mtu, afande.”

Kanali alifikiri kwa uaminifu. “Ningemwambia,” akakiri. “Ningemwambia kila mtu.” Akatazama wale vijana waliosimama mbali, akakumbuka Delaportas alivyoililia nafasi ya nyuma, akaelewa Bakas alikufaje. Akauliza sasa aseme nini Athene.

“Sema umeniamuru mara mbili, nimekataa, na huna mwingine wa kumweka.”

“Watasema ninamlinda mwoga.”

“Watasema, afande.”

Kanali alikunja karatasi ya makabidhiano aliyokuja nayo, akaitia motoni chini ya sufuria. Halafu akamwuliza Mama Zoitsa kama soksi zimebaki.

Gouvelis akaendelea kuruka nyuma. Hakupewa nishani, na wala hakuandikwa gazetini. Nyumbani Volos mkewe aliulizwa maswali na mabibi wa heshima, akayajibu kwa kuwaongezea chai.

Jumapili moja alikwenda Larissa na vijana wake, na wawili wapya waliokuwa wameshuka kwenye treni siku hiyohiyo, masikio yao bado mekundu kwa kunyolewa. Mkahawa ulikuwa umejaa. Habari ilikwisha fika kwamba katika kikosi cha Nyumbu sasa anayeongoza ni Luteni wa Corfu. Mfanyabiashara mmoja wa mbao, mtu wa masharubu na sauti, akaagiza kahawa na konyaki vipelekwe kwa “huyo aendaye mbele”. Kikombe cha Meja mhudumu alikiweka bila salamu, kahawa ikamwagikia sahanini.

Delaportas akasimama. Mkahawa ukamgeukia, ukidhani kijana anataka kushukuru.

“Kaa,” Meja akasema chini kwa chini.

“Siwezi, afande. Siwezi kunywa kitu hiki wakati wewe…”

“Wale wawili wamekuja leo. Hawajui kitu. Wakisikia hapa, kesho watanifuata nyuma, na nitakuwa na Bakas wengine wawili.”

“Na jina lako?”

“Jina langu litangoja. Halina kifua cha kupigwa risasi. Kunywa, Fokion.”

Delaportas akageukia ukumbi, akainua kile kikombe, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, kama dawa. Mkahawa mzima ukampigia makofi, na wale vijana wawili wapya walipiga kuliko wote.